Richard Hamming: mwanahisabati aliyechoka kutupiwa kazi yake na mashine

Mama anayepepeta mchele katika bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, hufanya kila siku uamuzi ambao leo unawaumiza vichwa wanafizikia wa Marekani na Ulaya. Akiona chuya moja au jiwe moja juu ya ungo, huliokota akalitupa, na mchele ukabaki. Akikuta kokoto zimeuingia mchele kiasi kwamba hawezi kuziokota zote bila kusaza, huutenga ungo mzima na kuanza na mwingine. Hasara ipo, lakini mgeni hatavunjika jino. Kusahihisha au kukataa: katikati ya mambo hayo mawili ndimo yalimopita maisha ya kisayansi ya Richard Wesley Hamming, Mmarekani aliyefariki dunia Januari 7, 1998.

Katika miaka ya karibuni meza yetu ya habari imekuwa ikipokea taarifa nyingi kuhusu kompyuta za kwantamu, mashine ambazo waundaji wake wanatumaini kwamba siku moja zitatatua maswali yanayozishinda kompyuta zote tulizo nazo. Taarifa hizo huja zimesheheni maneno ambayo bado hayajapata makazi katika Kiswahili, na sisi tunaofasiri hutoka jasho. Hata hivyo, mtu akizifuatilia hadi kwenye chimbuko, nyingi kati yake humfikisha mahali pamoja: kwa mtu mmoja mwenye hasira, na Jumatatu mbili mbaya za mwaka 1947.

Hamming alizaliwa Chicago Februari 11, 1915. Ujana wake uliangukia miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati ambapo familia nyingi za Marekani hazikuwa na uwezo wa kumsomesha kijana chuoni. Alitamani kuwa mhandisi. Nafasi pekee ya ufadhili aliyoipata ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Chicago, na chuo hicho hakikuwa na idara ya uhandisi. Akasoma hisabati kwa kukosa alichokitaka, akahitimu mwaka 1937. Miaka mingi baadaye aliliona jambo hilo kuwa bahati, kwani aliamini kwamba uhandisi ungemfanya fundi wa kushuka mashimoni badala ya mtafiti. Shahada ya uzamili aliipata Nebraska mwaka 1939, na ile ya uzamivu Illinois mwaka 1942. Mwaka huohuo wa 1942 alimwoa Wanda Little.

Kufikia hapo hakuna kilichomtofautisha na walimu wengine wa hisabati. Vita ndivyo vilivyombadilisha.

Mwezi Aprili 1945 aliitwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, mahali palipokuwa pakitengenezwa kwa siri bomu la kwanza la atomiki. Hakuitwa kubuni bomu. Kazi yake ilikuwa kuziendesha mashine za kukokotolea za kampuni ya IBM, zilizotumia kadi zilizotobolewa matundu, ili wanafizikia wapate majibu ya milinganyo yao. Wanda alimfuata muda mfupi baadaye, akaajiriwa kukokotoa kwa mkono. Wakati ule neno kompyuta, kwa Kiingereza, lilikuwa bado ni jina la kazi ya mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke.

Kuna kisa cha huko ambacho Hamming alikisimulia akiwa mzee. Muda mfupi kabla ya jaribio la kwanza la bomu, lililofanyika Julai 16, 1945, mtu mmoja alimpelekea hesabu za kukagua. Alipouliza ni za nini, akajibiwa kwamba ni za kutazama kama mlipuko ungeweza kuiwasha hewa yote ya dunia. Hamming aliona kwamba ujumlishaji na uzidishaji ulikuwa sawa. Lakini zile namba za msingi, zilizoeleza jinsi oksijeni na naitrojeni zinavyotenda katika joto la kiasi kile, hapakuwa na mtu aliyewahi kuzipima, kwa kuwa joto kama hilo halijawahi kutengenezwa duniani. Angeweza kuthibitisha kwamba hesabu imefuatwa vizuri. Hakuweza kuthibitisha kwamba ilianza na ukweli. Hewa haikuwaka, kama tujuavyo sote, ila kisa hicho hakikumtoka.

Alibaki Los Alamos hadi mwaka 1946. Alipoondoka kuelekea New Jersey alinunua gari kuukuu la mwenzake aliyeitwa Klaus Fuchs. Baadaye akaliuza, na wiki chache tu baada ya kuliuza ikafichuliwa kwamba Fuchs alikuwa akiupelekea Umoja wa Kisovieti siri za bomu. Maofisa wa upelelezi wakaona tarehe ya mauzo hayo ina walakini, wakamhoji Hamming. Hakuwa na hatia yoyote, isipokuwa ya kununua gari.

Jumatatu mbili

New Jersey alikwenda kufanya kazi katika maabara za Bell, kitengo cha utafiti cha kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Kwa muda alikaa ofisi moja na Claude Shannon, ambaye mwaka 1948 alichapisha andiko lililoanzisha nadharia ya habari: nadharia inayoeleza ujumbe una ukubwa gani, na ni kiasi gani cha kelele kinachoweza kuvumiliwa kabla ujumbe haujapotea. Vijana hao walikuwa wa rika moja na walijiona waasi kidogo. Walifanya mambo yaliyowakera wakubwa, lakini majibu yao yalikuwa sahihi, kwa hiyo waliachwa.

Maabara ilikuwa na mashine ya kukokotoa iliyoundwa kwa maelfu ya rilei, yaani swichi ndogo zinazofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme. Rilei huchoka. Vumbi huingia kati ya vyuma, mguso hukosekana, na namba moja hugeuka nyingine bila mtu kujua. Waundaji walilitambua hilo, wakaipa mashine njia ya kujikagua: kila tarakimu iliandikwa kwa idadi maalumu ya rilei zilizofungwa, na idadi ikizidi au ikipungua, mashine ilijua kuna kosa. Siku za kazi, kosa lilipotokea taa ziliwaka na fundi akaja kurekebisha. Mwishoni mwa juma hapakuwa na fundi. Mashine ikikuta kosa, iliitupa kazi ile na kuchukua nyingine iliyofuata kwenye foleni.

Hamming hakuwa na cheo cha kumpa zamu katikati ya wiki. Kazi zake ziliwekwa mwishoni mwa juma. Jumatatu moja alifika akakuta mashine imekumbana na kosa, imeikataa hesabu yake na kuendelea na za wengine. Hakupata kitu. Juma lililofuata aliziweka tena, na Jumatatu ikawa vilevile.

Wengi wetu tungenung'unika, tukanywa kahawa, tukaomba zamu nyingine. Yeye alijiuliza swali ambalo likishaulizwa huonekana jepesi: ikiwa mashine ina akili ya kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue kosa liko wapi? Na ikijua liko wapi, katika namba zilizoandikwa kwa sifuri na moja pekee, kulisahihisha ni kugeuza tu, sifuri iwe moja au moja iwe sifuri.

Shufwa na witiri

Jibu lake linaweza kufuatwa na yeyote mwenye kalamu na kipande cha karatasi, nami ningemwomba msomaji anivumilie hapa, maana uzuri wenyewe umo humu. Tuseme tunataka kutuma alama nne: 1, 0, 1, 1. Hamming hazitumi peke yake. Anazipanga katika nafasi saba, na nafasi ya 1, ya 2 na ya 4 anaziacha kwa ajili ya walinzi. Alama zetu nne zinakaa katika nafasi ya 3, ya 5, ya 6 na ya 7.

Mlinzi wa nafasi ya 1 anazisimamia nafasi za 1, 3, 5 na 7. Mlinzi wa nafasi ya 2 anazisimamia za 2, 3, 6 na 7. Mlinzi wa nafasi ya 4 anazisimamia za 4, 5, 6 na 7. Kila mmoja ana sharti moja: hesabu ya moja katika zizi lake iwe shufwa, yaani igawanyike kwa mbili. Ikiwa witiri, kuna jambo. Kwa sharti hilo walinzi wetu wanakuwa 0, 1 na 0, na ujumbe mzima unasomeka 0110011.

Sasa njiani kelele ikaigeuza nafasi ya 6, na mpokeaji akapata 0110001. Mlinzi wa kwanza anahesabu na kukuta zizi lake ni shufwa, hana shaka. Mlinzi wa pili anakuta witiri. Mlinzi wa nne naye anakuta witiri. Jumlisha majina ya wanaolalamika, mbili na nne, unapata sita. Kosa liko nafasi ya sita. Igeuze, ujumbe umepona. Hakuna aliyetuma tena, hakuna kazi iliyotupwa.

Shannon aliutaja mfano huo katika andiko lake la mwaka 1948, akimtaja Hamming kuwa ndiye mwenyewe. Andiko kamili la Hamming lilichelewa hadi Aprili 1950, kwa sababu kampuni ilitaka kwanza kujihakikishia hataza. Katikati ya kungoja huko, mwaka 1949, Marcel Golay alichapisha kazi iliyogusa mambo hayohayo, na hadi leo wako wanaobishana juu ya nani apewe sifa gani.

Katika andiko hilo Hamming alitoa pia kipimo ambacho sasa kinaitwa kwa jina lake, umbali wa Hamming. Ni idadi ya nafasi ambamo maneno mawili yenye urefu sawa yanatofautiana. Wasikilizaji wetu wanaoshika matangazo kwa redio yenye mikwaruzo wanaujua umbali huo bila kuufahamu kwa jina. Kati ya bata na pata kuna herufi moja tu. Mtangazaji akisema moja na kelele ikala herufi ile, msikilizaji atasikia neno jingine lililo kamili, wala hatashuku. Lakini neno refu kama mfanyabiashara likiliwa herufi moja, hakuna neno jingine la Kiswahili lililo jirani nalo, na sikio hulirudisha mahali pake lenyewe.

Namba za simu ni mbaya zaidi kwa hesabu hii. Karibu kila namba iliyo jirani na ya shemeji yako ni ya mtu mwingine aliye hai na mwenye simu. Ndiyo maana aliyewahi kutuma fedha kwa kukosea tarakimu moja anajua uchungu wake, na ndiyo maana huduma nyingi za kutuma fedha humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Jina lile ni mlinzi. Haliwezi kukuambia ni tarakimu ipi uliyoikosea, ila linakupa nafasi ya kukataa.

Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo husahaulika kila Hamming anaposifiwa. Hakufuta kukataa. Msimbo wa nafasi saba una udhaifu: yakitokea makosa mawili kwa pamoja, walinzi hulalamika, lakini jumla ya majina yao huelekeza nafasi isiyo na hatia. Mashine itageuza alama iliyokuwa sahihi, na badala ya makosa mawili tutakuwa nayo matatu, tena kwa kujiamini. Hamming aliliona. Dawa aliyoiweka katika andiko lilelile la 1950 ni mlinzi wa ziada anayezisimamia nafasi zote. Akikuta witiri, kosa ni moja, lisahihishwe. Akikuta shufwa huku wenzake wanalalamika, makosa ni mawili: mashine isiguse kitu, itangaze kwamba ujumbe huu haufai. Mtu aliyeanza kwa kukasirika kwamba mashine imeikataa kazi yake alimaliza kwa kuifundisha ni lini inapaswa kukataa. Hadi leo kumbukumbu za kompyuta kubwa zinazohudumia benki na mitandao hufuata kanuni za ukoo huo: moja husahihishwa, mawili hukataliwa.

Mzee wa Monterey

Miaka iliyobaki ya Bell inaweza kusimuliwa kwa haraka. Aliandika vitabu kuhusu mbinu za kukokotoa, akashughulika na uchujaji wa ishara, na mwaka 1968 akapewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta, akiwa mtu wa tatu kuipata. Wenzake walimkumbuka kwa tabia moja iliyowakosesha raha. Wakati wa chakula cha mchana alikaa na wanasayansi wa fani nyingine, akawauliza maswali makubwa ya fani yao ni yapi. Siku chache baadaye aliwauliza kama wanayafanyia kazi maswali hayo, na kama sivyo, kwa nini. Wako waliokoma kumkaribisha mezani. Kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, ni wachache walioichukua changamoto hiyo kama zawadi. Naye kwa miaka kadhaa aliitenga alasiri ya Ijumaa isiwe na kazi nyingine isipokuwa kuwaza mambo makubwa.

Mwaka 1976 aliondoka Bell, akahamia Monterey, California, kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini. Aliona kwamba mtafiti mzee anayeng'ang'ania kiti huwazibia vijana. Alifundisha huko zaidi ya miaka ishirini, hadi Desemba 1997. Wiki chache baadaye moyo ulisimama. Yeye na Wanda hawakujaliwa watoto.

Walinzi wasiotazama

Miaka miwili tu kabla ya kifo chake, msimbo ule wa nafasi saba ulizaliwa upya mahali ambapo mwaka 1950 hakuna angepatarajia.

Kompyuta ya kwantamu huhifadhi habari katika chembe ndogo mno: atomi, mwanga, au saketi za umeme zilizopozwa hadi karibu na baridi ya mwisho. Kila kipande cha habari huitwa kyubiti. Biti ya kawaida ni sifuri au ni moja. Kyubiti inaweza kuwa mchanganyiko wa vyote viwili, na nguvu ya mashine hizo hutoka katika michanganyiko hiyo. Balaa ni kwamba joto kidogo au mtetemo kidogo huuharibu, na ukiuchungulia ili uone kama umeharibika, kuchungulia kwenyewe huuvunja. Wala huwezi kuweka nakala pembeni: mwaka 1982 ilithibitishwa kihisabati kwamba hali ya kwantamu isiyojulikana hainakiliki. Kwa sababu hizo wako wanafizikia wenye heshima walioamini kwamba kusahihisha makosa katika mashine hizo haiwezekani kabisa.

Mwaka 1995 Peter Shor, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ileile iliyomwajiri Hamming, alionyesha kwamba inawezekana kwa kutumia kyubiti tisa kuilinda moja. Mwaka uliofuata Andrew Steane wa Oxford akaipunguza idadi hiyo hadi saba, na msingi wa kazi yake ulikuwa ni msimbo wa Hamming. Siri imo katika wale walinzi wa shufwa na witiri. Mlinzi haulizi alama hii ni sifuri au ni moja. Anauliza tu kama idadi katika zizi lake inagawanyika kwa mbili. Swali hilo linaweza kuulizwa bila kuchungulia habari yenyewe, na majibu yake yanatosha kuonyesha kosa liko wapi. Hamming alibuni walinzi ambao, bila yeye kukusudia, walijua kulinda pasipo kutazama.

Ugumu ulirudi kwa mlango mwingine. Katika mashine za kwantamu walinzi wenyewe ni kyubiti, nao hukosea. Mlinzi mgonjwa huweza kuwaambukiza anaowalinda. Rilei za mwaka 1947 zilikosea mara chache katika kazi ya siku nzima. Kyubiti nyingi za leo hukosea mara moja katika hatua mia kadhaa au elfu kadhaa, na hesabu zinazotafutwa zina hatua mamilioni.

Hapo kukataa kukapata heshima mpya. Mwaka 2005 Emanuel Knill, wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, alichapisha mpango ulioshangaza wengi. Badala ya kutumia misimbo mikubwa inayojitahidi kusahihisha kila kitu, alianza na misimbo midogo ambayo haiwezi kusahihisha chochote, inagundua tu. Kyubiti saidizi huandaliwa pembeni, hukaguliwa, na fungu lolote lenye dalili ya kosa hutupwa. Yaliyofaulu tu ndiyo yanayoruhusiwa kugusana na habari yenye thamani. Kwa mpango huo, Knill alikadiria, mashine ingeweza kustahimili makosa hata yanayokaribia matatu katika kila hatua mia, kiwango kilichozidi kwa mbali makadirio mengi ya kabla yake. Gharama yake ni wingi wa kutisha wa kyubiti za kuandaa na kutupa.

Tazama alichokifanya. Mashine ya mwaka 1947 iliitupa kazi nzima ya Hamming ilipokuwa katikati ya safari. Knill hutupa mchele ukiwa bado kwenye ungo, kabla haujaingia sufuriani. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kukataa ni busara au ni ufujaji, na hesabu yake ni fupi. Chukua kazi ambayo kila hatua yake ina nafasi 99 katika 100 ya kupita ukaguzi. Kwa hatua 100, kazi zitakazopita zote bila kukataliwa ni kama 37 katika 100. Kwa hatua 1,000, ni kama 4 katika 100,000. Anayesubiri mwisho wa safari ndipo akatae atasubiri maisha yake yote. Anayekataa vipande vidogo njiani, kabla havijaunganishwa, hulipa ushuru mdogo kila kituo.

Kwa miaka hii ya mwanzo, hata hivyo, kazi za maabara bado ni fupi, na kukataa mwishoni kunawezekana. Desemba 2023 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na washirika wao lilitangaza matokeo yaliyopatikana kwa mashine yenye atomi hadi 280. Walifikia kyubiti 48 zilizolindwa, kwa msimbo ambao katika hali ile uligundua makosa tu. Walionyesha kwamba kadiri walivyokaza masharti ya kukubali matokeo, ndivyo yaliyobaki yalivyokuwa bora, na ndivyo yalivyozidi kuwa machache. Mwaka 2024 watafiti wa Google nao walieleza njia ya kuikuza pole pole hali maalumu ya kwantamu inayohitajika katika hesabu ngumu: huanza ndogo, hukaguliwa mara kwa mara, na mwishoni programu inayotafsiri malalamiko ya walinzi huulizwa ina uhakika kiasi gani na tafsiri yake. Ikisitasita, jaribio zima hutupwa, hata kama huenda lilikuwa zima.

Mfasiri wa habari hawezi kusoma habari hiyo ya mwisho bila kutabasamu kidogo. Nasi tunapopokea taarifa yenye namba mbili zinazopingana, na saa ya matangazo imefika, wakati mwingine hatusahihishi. Tunaiacha sentensi ile nje, na taarifa hutoka ikiwa fupi.

Lakini kuna swali ambalo haliepukiki kila mtu anapotupa matokeo. Ni nani anayechagua cha kutupa, na amechagua lini? Mtafiti anayetazama jibu kwanza, kisha akalikataa kwa sababu halikumpendeza, hajaisafisha kazi yake, ameipaka rangi. Katika njia zote zilizotajwa hapa, anayeamua ni mlinzi asiyelijua jibu: yeye huona shufwa na witiri tu. Ndiyo maana kundi makini hutangaza pamoja na matokeo yake ni majaribio mangapi yaliyotupwa. Taarifa isiyokuwa na idadi hiyo husomwa kwa tahadhari, kwani ubora wa 99 katika 100 una maana moja ikiwa umekubali tisa kati ya majaribio kumi, na maana nyingine kabisa ikiwa umekubali moja kati ya elfu. Na yapo makosa ambayo hakuna mlinzi ayaonaye: yale yanayougeuza ujumbe mmoja halali kuwa mwingine halali, kama bata kuwa pata. Hayo hupita ukaguzi wote yakiwa yamevaa nguo safi.

Hesabu za kwantamu zinazotarajiwa katika kemia ya dawa na mbolea, au zile zinazoogopwa na walinzi wa siri za benki, bado ziko mbali na uwezo wa mashine zilizopo. Wahandisi wanaendelea kuzichanganya njia zote mbili katika mashine moja: kukataa kwenye maandalizi, ambako kutupa ni rahisi, na kusahihisha katikati ya kazi, ambako kutupa ni kurudi nyuma siku nzima. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili husogezwa kila kyubiti zinapoboreka, na kila kundi huuweka pake.

Wanda Hamming aliishi Monterey na mumewe hadi mwisho wa maisha yake Richard. Kitabu alichokiandika kutokana na masomo aliyowafundisha maofisa wa majini kilitoka mwaka 1997, mwaka wake wa mwisho darasani. Ndani yake anakisimulia tena kisa cha zile Jumatatu mbili, nusu karne baadaye, na msomaji anaona wazi kwamba hasira haikuwa imeisha.